Jinsia na Wingi wa Majina ya Kiingereza katika Shule za Buha

Katika madarasa mengi ya Kibondo na Kasulu, mwalimu wa Kiingereza afikapo kwenye mlango wa jinsia ya majina huchora mstari katikati ya ubao. Kushoto huandika majina ya kiume, na kulia majina ya kike. "Bull" hukaa mkabala na "cow", "gander" mkabala na "goose", "wizard" mkabala na "witch". Kisha huja mlango wa wingi, na ubao huchorwa tena: "foot" na "feet", "ox" na "oxen", "mouse" na "mice". Watoto huziimba orodha hizo kwa sauti moja, huziandika katika daftari, na siku ya mtihani huzirudisha kama walivyozipokea. Mafundisho haya ni ya zamani, nayo yana heshima yake. Lakini kitu cha zamani hakikatazwi kupimwa, na nia ya maneno haya ni kuyapima.

Neno letu ni moja. Orodha hizi humwonyesha mtoto jinsia ya Kiingereza mahali isipokaa, na humwacha bila msaada mahali inapokaa kweli. Na katika wingi humtia hofu kwa majina machache yaliyo magumu, hali magumu yake hasa yako kwingine. Twasema haya juu ya Buha kwa sababu hapa lugha nne hukutana katika kichwa cha mtoto mmoja. Mtoto wa kijiji cha Kibondo huzaliwa katika Kiha, na shuleni hukuta Kiswahili, ambacho tangu mwaka 1967 ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali; Kiingereza huja juu yake. Mtoto wa kambi ya Nduta, iliyofunguliwa tena mwaka 2015 kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi, alizaliwa katika Kirundi, ndugu wa karibu sana wa Kiha. Na kwa kuwa shule za kambini zilifuata mtaala wa Burundi, alipewa Kifaransa pia. Kiingereza nacho si kigeni tena kwa taifa lake, maana Burundi ilikifanya kuwa lugha rasmi kwa sheria ya mwaka 2014. Basi mwalimu wa hapa hana budi kujua mwanafunzi wake ametoka wapi kabla ya kumwonyesha njia ya kwenda.

Asili ya orodha

Tuanze na asili ya orodha zenyewe, kwa maana asiyejua mbegu ilitoka shamba gani hawezi kusema kama yafaa udongo wake. Sarufi za kwanza za Kiingereza ziliandikwa na watu waliofunzwa Kilatini. Katika Kilatini kila jina lina jinsia: meza ni ya kike, mto ni wa kiume, vita ni ya jinsia ya tatu, isiyo ya kiume wala ya kike. Watu hao walikitafuta kitu hicho katika lugha yao wenyewe. Ben Jonson, mtunzi wa michezo ya kuigiza, katika sarufi yake iliyochapishwa mwaka 1640 baada ya kufa kwake, alihesabu jinsia sita. Lindley Murray, ambaye sarufi yake ya mwaka 1795 ilitungwa kwanza kwa shule ya wasichana mjini York, na baadaye ikaenea kote Uingereza na Marekani, alifundisha ya kwamba jua hutajwa kwa kiwakilishi cha kiume na mwezi kwa cha kike. Mwaka 1938 Angus Maciver alitoa mjini Glasgow kitabu kiitwacho First Aid in English, chenye orodha za jinsia, za wingi, za watoto wa wanyama na za sauti zao. Kitabu hicho kilisafiri mbali, hata Afrika na visiwa vya Karibi, na orodha za namna hiyo zimenakiliwa na waalimu wengi ambao hawajakiona kitabu chenyewe.

Hatuna neno baya juu ya Maciver. Aliandika kwa watoto wa Scotland, na kwa hao alifanya kazi njema. Lakini tukumbuke ya kwamba mtoto wa Glasgow alipokifungua kitabu hicho alikuwa amekwisha kusema "he" na "she" pasipo kukosea tangu alipoanza kutamka maneno. Mama yake alikuwa amemfundisha. Kilichobaki kwake ni majina ya nadra, kama dume la bata bukini au jike la mbweha. Orodha ilikuwa kitoweo. Chakula alikuwa amekula nyumbani. Sisi tumekichukua kitoweo tukakiita chakula, na watoto wetu wameondoka mezani na njaa.

Kiingereza kilivyopoteza jinsia

Zamani Kiingereza kilikuwa na jinsia tatu kamili, kama Kilatini. Yapata miaka elfu moja iliyopita jina la jua, "sunne", lilikuwa la kike, na jina la mwezi, "mona", lilikuwa la kiume. Yaani kinyume kabisa cha mafundisho ya Murray. Jina "wif", ambalo leo ni "wife", lilikuwa na maana ya mwanamke, na jinsia yake haikuwa ya kike, bali ile ya tatu. Na jina "wifmann", ambalo leo ni "woman", lilikuwa la kiume kwa sababu liliishia na "mann". Mtu atakayeyatazama hayo ataona ya kwamba jinsia ya sarufi si sawa na maumbile ya kiume na ya kike. Ni mgawanyo wa majina katika makundi, na kila kundi hudai upatanisho wake.

Miisho ya maneno ilipochakaa katika vinywa vya watu, makundi hayo yalianguka. Leo neno la Kiingereza la kutaja "ile" au "njema" halibadiliki kwa ajili ya jinsia ya jina linalofuata. Mwalimu, daktari, mkulima, mgonjwa, rafiki, jirani: majina haya yote kwa Kiingereza ni ya mume na mke pia. Jinsia imebaki katika nyumba moja ndogo tu, nayo ni nyumba ya viwakilishi: "he", "him", "his", "she", "her", "hers", "it", "its". Mtu akizitawala sauti hizo chache, ameitawala jinsia ya Kiingereza karibu yote. Asipozitawala, hata akijua majina mia mawili ya madume na majike, hajui kitu.

Tena orodha zenyewe zimechakaa. Mwisho wa "-ess" uliingia Kiingereza kutoka Kifaransa baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066. Ulizaa majina kama "poetess" na "authoress", nayo siku hizi yameachwa. Mwanamke atungaye mashairi huitwa "poet" kama mwanamume. "Spinster" lilikuwa jina la kazi, maana yake mwanamke asokotaye nyuzi. Baadaye likawa jina la mwanamke asiyeolewa, na leo wengi hulisikia kama dharau. Mtoto wa Kasulu aliyeshika orodha vema ataandika maneno hayo katika barua ya kuomba kazi, na msomaji wake atadhani barua imeandikwa na babu yake.

Mtoto aletacho shuleni

Waalimu wengine huwaambia watoto ya kwamba lugha zetu hazina jinsia, kana kwamba zimepungukiwa. Neno hili si la kweli, nalo humvunja mtoto moyo. Neno la Kilatini lililozaa jina la jinsia katika sarufi za Ulaya ni "genus", na maana yake ni aina tu. Neno letu "jinsi", mzazi wa "jinsia", limekuja kwa Kiarabu, na Waarabu walilipata kwa Kiyunani, ambako "genos" ni ndugu wa hilo "genus". Na neno "ngeli", ambalo wataalamu wa sarufi hulihesabu kuwa limetoka Kihaya, lugha ya jirani zetu wa Kagera, nalo maana yake ni aina. Basi maneno yote matatu yasema jambo moja. Walatini waligawa majina katika aina tatu; Warundi, Waha na Waswahili huyagawa katika aina nyingi zaidi, na kila aina hudai upatanisho katika sentensi nzima. Mtoto asemaye "igitabo" kwa kimoja na "ibitabo" kwa vingi, na akapatanisha kila neno linalofuata bila kukosea, ana ujuzi wa aina za majina kuliko mtoto yeyote wa Glasgow.

Asicho nacho ni kitu kingine. Lugha zake hazitengi mume na mke katika kiwakilishi. Kiswahili chasema "anakuja", na Kirundi "araje", wala hakuna ajuaye kwa neno hilo peke yake kama ajaye ni mwanamume au mwanamke. "Kitabu chake" chaweza kuwa cha baba au cha mama. Ndivyo na "igitabo ciwe". Kwa hiyo kosa la mtoto wetu halitokei katika "lioness". Latokea pale aandikapo juu ya mama yake, "he is a farmer". Anajua vema mama yake ni mwanamke, na pengine asubuhi hiyo alipata alama zote katika orodha. Lakini ulimi wake haujazoezwa kuchagua, kwa sababu lugha yake haikumdai uchaguzi huo hata siku moja, na mwalimu wake naye hakumdai.

Kosa hili watu huliona dogo, hulicheka likapita. Na kijijini lapita kweli. Lakini katika maisha ya mkimbizi Kiingereza huandikwa kwenye karatasi zenye uzito: maombi ya kuunganishwa na jamaa, maelezo ya mgonjwa, habari za safari ya kuikimbia nchi. Tufikiri kijana aandikaye kwamba dada yake alipotea njiani, kisha katika sentensi ya pili amtaje kwa "he". Karani asomaye mbali, asiyejua Kirundi wala Kiswahili, aweza kudhani ya kwamba waliopotea ni wawili, au ya kwamba mwandishi hasemi kweli. Wahenga walisema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Hapa ulimi hujikwaa katika silabi moja, na mwalimu alikuwa na saa za kuuzoeza, akazitumia kwa majina ya bata.

Mtego wa pili wa watoto wa Nduta

Aliyepita katika Kifaransa ana mtego wa pili, nao ni wa siri zaidi. Kifaransa kimeishika jinsia ya sarufi: jua ni la kiume, mwezi ni wa kike, na kila kitu kina upande wake. Mtoto aliyejifunza hayo huja katika Kiingereza akitafuta upande wa meza na wa kiti. Huyo lazima aambiwe waziwazi, siku ya kwanza, ya kwamba kitu kisicho mtu wala mnyama kwa Kiingereza ni "it", ila mara chache sana, kama mabaharia waitavyo chombo chao "she".

Lakini mtego wenyewe uko katika kumiliki. Kwa Kifaransa "sa mère" ni mama yake, awe mama wa mvulana au wa msichana. Hilo "sa" lafuata jinsia ya mama atajwaye, si ya mtoto mwenye mama. Kiingereza hufanya kinyume: "his" na "her" hufuata mwenye kitu. Basi mwanafunzi hodari wa Kifaransa, atakapo kusema ya kwamba Jean anampenda mama yake, huandika "Jean loves her mother", na kwa Mwingereza Jean amempenda mama wa mwanamke mwingine. Huyu hakukosea kwa uvivu; amekosea kwa kushika vema somo la kwanza. Mwalimu asiyejua asili ya kosa ataliweka alama nyekundu mara mia, nalo litarudi mara mia. Mwalimu ajuaye ataandika sentensi mbili ubaoni, ya Kifaransa juu ya ya Kiingereza, na kuchora mshale kutoka neno la kumiliki hadi neno linalofuatwa. Mishale itaelekea pande mbili mbalimbali, na mtoto ataona kwa macho jambo ambalo maneno mengi yasingemwonyesha.

Jamaa na mifugo

Orodha huandika "uncle" na "aunt" kama jozi moja, mume na mke. Kwa watu wa nyanda hizi jozi hiyo haiko. Kwa Kirundi ndugu mume wa mama ni "marume", na ukilifungua neno hilo utaona maana yake ni mama wa kiume. Dada wa baba ni "senge". Hao si jozi, wametoka pande mbili za ukoo, na kila mmoja ana haki na wajibu wake. Hali kadhalika Kiswahili chatenga mjomba na baba mdogo, shangazi na mama mdogo, na Kiingereza huwafunga wote katika majina mawili. Tena kwa Kirundi ndugu hutajwa kwa kutazama asemaye: "mushiki" ni dada wa mwanamume, na "musaza" ni kaka wa mwanamke. Watu hawa hawakupungukiwa na akili ya kutenga mume na mke; hutenga mahali ambapo desturi yao imeona pana maana. Mwalimu akiyaeleza haya, mtoto hujifunza Kiingereza kwa heshima, kama mgeni aingiaye nyumba ya mwingine hali ana nyumba yake.

Ndivyo ilivyo na wanyama. Orodha hufundisha "stallion" na "mare" mahali pasipo farasi, na wakati huohuo mtoto wa mfugaji ajua tofauti ambazo orodha haikuziota. Kiswahili kina fahali, na mtamba, yaani jike ambaye hajazaa. Kina jogoo, na tembe ambaye hajataga. Kina beberu katika mbuzi. Kirundi kina "impfizi" kwa dume la ng'ombe na "isake" kwa jogoo. Mwalimu aanze na hayo. Amwulize mtoto majina ya nyumbani, ayaandike, kisha atafute ni yapi Kiingereza kinayo na ni yapi hakina. Atakuta ya kwamba "heifer" ni mtamba, na mtoto hatalisahau tena, kwa sababu limefungwa katika kamba ya ng'ombe anayemjua.

Wingi

Katika wingi twaona kosa lilelile la kuanza na vya nadra. Kwanza tujue mtoto wetu hutazama wapi autafutapo wingi. Huutazama mwanzoni mwa neno. Kiswahili kilipopokea neno la Kiarabu la kitabu, wasemaji walisikia "ki-" mbele, wakatoa "vitabu". Walipopokea neno la Kiingereza la njia panda ya mviringo, wakasema "kipilefti" na "vipilefti". Nao walipopokea "socks" na "chips" walisema "soksi moja", "chipsi moja", wala hawakuisikia ile "s" ya mwisho kuwa ni alama ya wingi. Hapa pana fundisho kubwa. Mkia wa neno, ambao kwa Mwingereza ndio mahali pa wingi, kwa sikio letu ni mahali pasipo na habari.

Tena silabi zetu huishia na vokali. Mtoto aambiwapo "books" hukuta konsonanti mbili mwishoni, na ulimi wake ama huziongezea vokali, ama huiacha moja. Kwa hiyo "s" anayoisahau katika daftari mara nyingi ni "s" ambayo hakuisikia. Dawa yake ni sikio, si fimbo. Mwalimu afundishe sauti tatu za mkia huo: huwa "s" baada ya "cat", huwa "z" baada ya "dog", na huongeza silabi baada ya "box". Azifundishe kwa kusikiliza kabla ya kuandika, watoto wakiinua kidole kwa kimoja na mkono mzima kwa vingi.

La pili, kwetu wingi huenea sentensi nzima: "vitabu vyangu vizuri vimepotea". Kwa Kiingereza karibu kila neno hukaa kimya: "my" haibadiliki, "good" haibadiliki. Lakini maneno machache huitikia, nayo ni "this" na "these", "that" na "those", "is" na "are", "has" na "have". Haya ndiyo mabaki ya upatanisho katika Kiingereza, na mtoto wa lugha ya ngeli huyapenda akiisha kuonyeshwa, kwa sababu yafanana na kwao. Hapo na kile kitendawili cha "sheep" huyeyuka. Vitabu husema kwa mshangao ya kwamba neno hili halibadiliki katika wingi. Mrundi hana sababu ya kushangaa, maana "inka" ni ng'ombe mmoja na "inka" ni ng'ombe wengi. Husema "inka yanje" na "inka zanje", na neno la pembeni hutoa habari. "This sheep" na "these sheep" hufuata njia ileile.

La tatu ni majina yasiyohesabika, na hapa ndipo watoto wetu hukosea hata wakiwa watu wazima wenye vyeo. Kwa Kiswahili maji, maziwa na mahindi hupatanishwa kama vitu vingi, na nywele vivyo hivyo. Kwa Kirundi "amazi", "amata" na "ibigori". Kiingereza huyaweka "water", "milk", "maize" na "hair" katika umoja. Kwa hiyo mtoto huandika "these maizes" kwa kuitii lugha yake. Na majina ya fikira humshinda zaidi: "advice", "information", "news", ambalo lina "s" na bado ni umoja. Kosa la "informations" huonekana katika barua za ofisini, lakini kosa la "oxes" nani amelisoma katika barua? Mlango huu, unaostahili wiki nzima, mara nyingi hupewa mistari mitatu chini ya ukurasa.

Na yale majina magumu tuyafanyeje? Tuyafundishe, lakini kwa jamaa zake, na kwa habari kidogo ya asili yake. "Foot", "tooth" na "goose" ni jamaa moja, kwa kuwa zamani vokali ya mwisho iliivuta vokali ya katikati, kisha ile ya mwisho ikafa. "Oxen" ni mzee aliyebaki wa ukoo uliokuwa mkubwa. "Children" lina alama mbili za wingi, moja juu ya nyingine, kwa kuwa watu waliisahau ya kwanza. "Knife" hutoa "knives" kwa sababu "f" kati ya vokali ilitamkwa "v" tangu kale. "Chief" lilikuja baadaye kutoka Kifaransa, nalo halifuati. Na mtoto aandikapo "foots" mwalimu asikasirike mno. Neno "book" lenyewe zamani lilikuwa na wingi wa namna ya "feet", na Waingereza wakalilainisha wakasema "books". Mtoto ametembea katika njia ya Waingereza. Amelainisha neno ambalo wao hawajalilainisha bado.

Watetezi wa orodha

Kuna watakaosema: mitihani huuliza orodha, nasi hatuwezi kuwanyima watoto alama. Neno hili ni la haki, nalo halipuuzwi. Tena orodha ina wema wake. Mtoto huifurahia kwa kuimba; huishika hata pasipo kitabu; na katika darasa lenye watoto mia na vitabu vichache, ubao na wimbo ni msaada wa kweli. Hatusemi wimbo ukome. Twasema wimbo upewe maneno yenye kazi. Watoto waimbe jozi chache zitumiwazo kila siku: baba na mama, mwana na binti, kaka na dada, mume na mke, mfalme na malkia, fahali na ng'ombe jike, jogoo na kuku. Baada ya kila jozi waitikie kiwakilishi chake, "he" kwa wa kwanza, "she" kwa wa pili. Hivyo mtihani hulipwa deni lake, na ulimi hupata mazoezi yake.

Utaratibu tunaoupendekeza ni huu. Kwanza, "he", "she" na "it", kwa watu na vitu vilivyomo darasani, siku nyingi, bila orodha yoyote. Pili, "his" na "her", pamoja na ile mishale miwili kwa waliosoma Kifaransa. Tatu, sauti za mkia wa wingi. Nne, maneno yaitikiayo, "this" na "these" pamoja na wenziwe. Tano, majina yasiyohesabika, kuanzia jikoni na shambani. Sita, majina magumu kwa jamaa zake. Mwisho kabisa, ikiwa muda umebaki, dume la bata na jike la mbweha.

Tena mwalimu awaambie watoto jambo moja la kuwatia moyo. Waingereza wenyewe hutaabika pale wasipojua kama mtu ni mume au mke, na kwa sababu hiyo hutumia "they" kwa mtu mmoja asiyejulikana. Tabu hiyo "a-" yetu haiijui. Kila lugha hulipa mahali fulani na kupumzika mahali pengine.

Mnamo mwaka 1659 ilichapishwa Roma sarufi ya Kikongo, kazi ya mtawa Mkapuchini Giacinto Brusciotto wa Vetralla. Alikuwa mtu wa Kilatini, na ilikuwa rahisi kwake kuyapanga majina ya Kikongo katika kiume, kike na kile cha tatu, na kuyalaumu yasipokaa. Hakufanya hivyo. Alisikiliza, akaona ya kwamba majina hugawanyika kwa mianzo yake na ya kuwa sentensi huufuata mwanzo huo, akaandika alivyosikia. Heshima ile mgeni aliyoifanyia lugha ya Afrika ndiyo tunayowataka waalimu wa Buha wakifanyie Kiingereza: wakisikilize kilivyo leo, wala wasikivike vazi la Kilatini. Na wawafanyie watoto heshima ileile, kwa kujua lugha waliyoletwa nayo shuleni. Waalimu wa Kibondo, Kasulu na kambini watakaokusanya majina ya Kiha ya mifugo na ya jamaa, pamoja na makosa ya watoto kama yalivyoandikwa, watakuwa wameweka msingi wa kitabu ambacho hakuna mtu wa Glasgow awezaye kuwaandikia.